Mstari wa 47

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku mbaya. Salome, mwenzangu wa kazi, kaleta mkaguzi ofisini. Si mtu, ni programu: anasoma msimbo wote, yale maandishi yanayoendesha mfumo, mstari kwa mstari kabla haujawashwa, kama mwalimu anayesahihisha daftari, halafu anasema mwizi atapitia wapi. Nani kamwomba? Mfumo wa kusajili ng'ombe wa chama chetu cha wafugaji nimeuandika mimi Maduhu, peke yangu, miezi saba. Unafunguka hata kwenye simu!

Maonyo mia mbili na kumi na nne. Mbele ya mwenyekiti, mzee Clemens! Baya kuliko yote, mstari wa 47: nywila ya kuingilia imeandikwa wazi ndani ya msimbo. Mzee akauliza nywila ndiyo nini. Salome akamwambia ni ufunguo wa zizi. Mzee akauliza kama mimi nimeuacha mlangoni. Nikajifanya nina kikohozi, nikatoka nje.

Ijumaa anatangazwa msimamizi mkuu wa mfumo. Lazima niwe mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimerekebisha maonyo sitini. Mengine yalikuwa ya haki, nakiri humu tu. Mstari wa 47 sijaugusa. Salome kasema nywila yenyewe ni aibu: generoza, na Kishapu nzima inaniita Baba Generoza. Eti kila anayenisalimia anaitaja. Nikamwambia huo ni wivu.

Hajui. Kahamia mwaka jana kutoka Geita. Hajui kwamba Generoza wangu tulimzika mwaka juzi, mwezi Mei. Alikuwa na miaka sita. Homa ya siku nne tu. Jina alilichagua mama yake, Eufrasia, ambaye kwao ni Ushirombo. Mimi nilitaka la Kisukuma, nikashindwa. Sasa nyumbani hatulitaji kabisa. Sare ya shule ilikunjwa ikawekwa chini kabisa ya sanduku, basi. Huko nje wananiita, naitika. Lakini kuliandika, naliandika pale tu. Kila asubuhi nafungua mfumo, herufi nane. Leo niweke nini mahali pake? Alama ya reli na namba tisa? Siwezi. Inaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Kumbe mkaguzi anaweza kuambiwa afumbe macho. Unaandika maneno mawili pembeni ya mstari, anaupita kama hakuuona. Nikaanza na wa 47. Tamu. Nikaendelea na mingine thelathini. Nikachoka, nikamwambia aiache folda nzima. Maonyo: sifuri!

Nikachapisha karatasi, nikaibandika ukutani. Mzee Clemens akanipa mkono. Salome akaisoma mpaka chini, akauliza kwa upole mbona mkaguzi kasoma mistari kumi na miwili tu. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo yenye maana.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi mkuu ni mimi! Soda kwa ofisi nzima. Salome kanipongeza, kisha kaniomba, kaniomba kweli, nibadilishe ule mstari kabla ya mnada wa Jumanne. Nikasema nitaangalia. Sikuangalia.

Jumanne, 11 Machi

Ee Mungu.

Mama Ndaki, mjane, kaibiwa ng'ombe sita malishoni. Walipita getini mnadani mchana kweupe, kwa sababu mfumo wangu ulisema ni wa dalali mmoja asiyejulikana kwao wala kwake. Wakauzwa, wakapakiwa kwenye lori, wakaenda. Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Aliyebadilisha jina la mwenye mali aliingia jana, saa mbili na dakika tano asubuhi. Jaribio moja. Hakukosea hata mara moja.

Mama Ndaki kaja ofisini. Nilitamani anitukane. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, Baba Generoza. Akauliza kama hiyo kompyuta iliyowatoa inaweza kuwaita warudi. Wale sita ndio mumewe aliomwachia; wawili walikuwa wa ada za wajukuu. Amebaki na ndama wawili. Nikamletea kiti, naye alikuwa ameshakaa.

Jumatano, 12 Machi

Eufrasia kayasikia mashineni, akisaga unga. Akaniuliza kama ni kweli mwizi ameingia kwa jina la mtoto. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nilikuwa naliandika mara ngapi. Kila asubuhi, nikasema.

Nilidhani atanifukuza. Akasema ningemwambia, angekuja ofisini naye aandike.

Kisha akalia, nami nikalia. Miaka karibu miwili hatujalia pamoja. Akaniambia nimtoe mtoto pale, maana hakuwahi kuchukua hata ndizi ya mtu. Nikaapa. Kwa kaburi lake, nimeapa.

Ijumaa, 14 Machi

Usimamizi kapewa Salome. Haki yake, ingawa kutabasamu hivyo hakukuwa na haja. Mimi nimeachiwa kazi moja: kuujenga mlango upya, nywila ikae nje ya msimbo. Salome kaketi pembeni yangu mpaka mwisho. Kamfumbua mkaguzi macho. Mkaguzi kasoma mistari yote, elfu tatu na ushee. Sifuri, ya kweli safari hii. Tukawasajili ndama wawili wa Mama Ndaki, bure. Nilifurahi. Saa kumi jioni Salome akaaga.

Nikabaki peke yangu. Nikafungua mstari wa 112, penye orodha ya rangi za ng'ombe, nikaweka kimlango kidogo. Changu tu. Jina nimelikata vipande vinne, herufi mbili mbili, nikavitawanya kati ya mweusi na mwekundu. Nani atafikiria? Nikamwita mkaguzi asome tena. Sifuri! Hakumwona.

Nikaandika zile herufi nane, polepole. Mlango ukafunguka. Nikatoka, nikaingia tena. Nikatoka, nikaingia tena.