Nilivyomwongezea Ngamia Mguu

Madada wa kundi, leo nimeaibika mbele ya sebule nzima ya wageni, na nimechoka hivi kwamba hata kulia nimeshindwa.

Mnajua tumeshuka Jeddah tangu juzi na familia ya bosi. Tumefikia kwa dada yake madam, ghorofa ya tatu, lifti mafi, hakuna kabisa. Kabla ya alfajiri nilikuwa macho. Nimepiga deki, nimepasi abaya sita, nimepika mchele wa kulisha kijiji. Sikulalamika, kwa sababu madam aliniahidi, "Wageni wakiondoka, dereva atakupeleka Kandara ukamwone mdogo wako." Mdogo wangu Naliaka anafanya usafi hospitalini hapa Jeddah, anakaa mtaa wa Kandara. Mimi kazi yangu iko Riyadh, mtaa wa Al-Malqa. Miaka miwili tuko nchi moja na hatujaonana! Kwa hiyo leo sikutaka kosa lolote, hata la kijiko.

Sasa Rima, binti wa madam, ana miaka kumi na saba. Anakusanya beji za viwanja vya burudani, vile vyenye bembea kubwa na treni za kupindua watu tumbo. Leo wenzake wanaokusanya walikuwa wanakuja na mama zao. Asubuhi akanipa kitambaa.

"Nekesa, futa vumbi polepole. Hii ya katikati ndiyo wanakuja kuiona."

Nikaitazama. Kibati kidogo, ngamia amepanda bembea. Ngamia ana miguu mitatu.

Nikahesabu tena. Mitatu. (Mtu aliyelala kwa saa tatu tu haamini macho yake haraka.) Jamani, nikamhurumia yule mtoto. Wageni wako njiani, na beji yake ya maana ndiyo imeharibika! Kwenye takataka kulikuwa na rangi ya kucha ya kahawia, madam ameitupa. Nikachukua kijiti cha meno. Nikamchorea mguu wa nne, pamoja na kwato. (Nilisomea cherehani. Mkono wangu hautetemeki.) Ukatoka mguu mzuri kuliko ile mingine.

Baada ya sala ya Asri wageni wakajaa. Nimeingia na gahawa na tende wakati Rima anafunua kitambaa. Wote wakainama.

Msichana mmoja akauliza, "Mbona ana miguu minne?"

Rima akabadilika rangi. Na mimi, birika mkononi, nikatabasamu, nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni: "Ni mimi nimetengeneza! Alikuwa na mitatu!"

(Nilisubiri kusifiwa. Niacheni.)

Rima akanigeukia. "Kiwanda kilikosea, Nekesa. Walizigawa uwanjani asubuhi moja tu, wakagundua, wakazikusanya. Za miguu minne ziko kila mahali. Hii ya mitatu ndiyo watu wanaitafuta." Akaitazama ile beji. "Asubuhi hiyo nilikuwa na bibi yangu. Tulipanga foleni pamoja."

Bibi huyo alifariki mwaka jana. Mimi ndiye niliyepikia matanga.

Hapo ningetulia tu. Lakini mimi na akili zangu za saa hiyo, nikakimbilia chumbani, nikaleta dawa ya kutoa rangi ya kucha. "Mafi mushkila, hakuna shida, inatoka!" Nikasugua. Mguu wa nne ukatoka.

Na wa tatu pia.

Ngamia amebaki na miwili, kama mimi.

Mama mmoja mnene akaziba mdomo kwa shela. Mabega yakaanza kutikisika. Halafu mwingine. Halafu sebule nzima, wanawake wanafuta machozi, na mimi katikati na pamba mkononi nanuka dawa. Madam peke yake hakucheka. Nikajua Kandara halas, imekwisha.

Wageni walipoondoka nikaosha vikombe polepole, sina haraka tena. Rima akaja mlangoni mwa jikoni. Macho mekundu. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Bibi angecheka mpaka aanguke," akasema. "Lakini usiguse zingine."

Madam akatokea nyuma yake na funguo za gari. "Yalla, dereva anakungoja. Toka, kabla hujamrekebisha mtu mwingine humu ndani."

Sikungoja kuambiwa mara mbili. Nimeshuka ghorofa tatu na aproni.

Sasa niko Kandara, kwenye kitanda cha Naliaka, miguu juu ya ndoo. Amenenepa, amesuka, amenipikia ugali. Nimemsimulia haya yote kabla hata hatujamaliza kukumbatiana. Basi nyinyi msicheke, tafadhali. Huyu ameshacheka mpaka wa chumba cha pili amegonga ukuta.