Wino wa Kijani Katika Mtaa wa Majaribio

Ofisi ya Mtaa wa Majaribio, kwa masikitiko makubwa na kwa mamlaka iliyo nayo, inawatangazia wapangaji wote, wake zao, watoto wao na wageni waliokuja kwa siku mbili wakakaa miaka miwili, kwamba kalamu ya Afisa wa Mtaa imepotea. Kuanzia leo Jumanne, shughuli zote zinazohitaji sahihi zimesimama. Shughuli zisizohitaji sahihi, kama vile kupumua, zinaweza kuendelea mpaka mtakapoarifiwa vingine.

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti kutoka bloki hadi bloki, mpaka kule mwisho ambapo Majaribio inapakana na Huruma. Mishi alilisikia akiwa mlangoni kwake, Bloki C, akichambua mchele wa pilau. Akaacha mkono ndani ya ungo. Binti yake Lela alikuwa anaolewa Jumamosi. Wakwe walikuwa wanashuka kwenye gari moshi la Mombasa Ijumaa, watu kumi na wanane wenye macho makali, na kibali cha kufunga turubai uani kilikuwa bado hakijatiwa sahihi.

Huenda asiye mwenyeji akauliza kibali kina maana gani. Mwaka uliotangulia familia moja ya Bloki F ilifanya harusi bila kibali. Askari wa mtaa walifika wakati wa chakula, wakafungua kamba za turubai moja moja kwa utaratibu mzuri sana, wakalikunja, wakaondoka nalo. Bibi harusi akabaki ameketi juani, jasho likimtiririsha wanja mpaka kidevuni. Mpaka leo wakwe wake humwita kwa jina la turubai. Mishi alikuwa ameapa kwamba Lela wake hataitwa jina la kitu kinachofungwa kwa kamba.

Sasa kuhusu kalamu yenyewe. Haikuwa moja ya hizi za kubofya ambazo watoto hutafuna darasani. Ilikuwa kalamu ya wino, nyeusi, yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, ambayo Bwana Phares Nalianya alikabidhiwa na mzungu aliyekuwa afisa kabla ya Uhuru. Wapo wanaosema mzungu aliisahau mezani tu, na kwamba Nalianya, aliyekuwa tarishi wakati huo, ndiye aliyekuwa akifagia. Hao ni watu wasiopenda maendeleo. Bwana Nalianya aliinywesha wino wa kijani kila asubuhi, akaifuta kwa kitambaa laini, na kuilaza mfukoni upande wa moyo. Mkewe alizoea kusema kwamba nyumbani kwao wapo watatu, na kwamba wa tatu ni yeye.

Kwa miaka mingi wahuni walimghushia sahihi. Basi akatoa Waraka Namba Tisa, ambao ulibandikwa kila mlango na aliyeubandua alitozwa faini. Ulisema: karatasi yoyote itakayotiwa sahihi kwa kalamu ya kijani ya Ofisi ni halali. Itakayotiwa sahihi kwa kalamu nyingine, hata kama ni kwa mkono wa Afisa mwenyewe, ni ya kughushi.

Ulikuwa waraka mzuri, usio na mwanya. Ndiyo sababu kalamu ilipopotea, Ofisi haikuweza hata kuripoti polisi, maana barua ya kuripoti ingehitaji sahihi.

Iliundwa Kamati Maalumu ya Kuitafuta, Kuipata na Kuirejesha Kalamu. Kamati ilikutana Jumanne asubuhi. Ilikutana tena mchana, lakini kwa kuwa kumbukumbu za mkutano wa kwanza hazikuwa zimetiwa sahihi, mkutano huo nao ukahesabiwa kuwa wa kwanza. Hadi Jumatano jioni Kamati ilikuwa imefanya mkutano wa kwanza mara nne, na wajumbe walikuwa wameanza kuuzoea.

Hata hivyo haikukaa bure. Jumatano hiyohiyo askari walipewa amri ya kumkamata yeyote mwenye vidole vya kijani, na baada ya dakika kumi walirudi na Truphena, muuza mboga, jirani yake Mishi.

"Hii rangi ni ya nini?" akaulizwa.

"Sukuma wiki, afande. Nimekata tangu alfajiri."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Nithibitishe nini? Nikate na meno?"

Alinawishwa kwa sabuni ya kufulia. Rangi haikutoka. Ikaandikwa kwamba mshukiwa ana wino sugu. Aliachiliwa, lakini fungu moja la sukuma wiki lilichukuliwa kama ushahidi, na ushahidi huo ukapotea saa saba mchana katika mazingira yaliyonukia kitunguu.

Alhamisi asubuhi Mishi alijifunga leso mbili, akaenda ofisini mwenyewe.

"Mama Lela," Bwana Nalianya akasema bila kuinua kichwa, "ofisi imefungwa."

"Mlango si uko wazi, Bwana Nalianya?"

"Mlango uko wazi. Ofisi ndiyo imefungwa."

Alikuwa amekonda kwa siku mbili. Mfuko wake wa shati ulikuwa umelegea, na kila mara mkono wake ulipanda pale, ukapapasa, ukashuka. Mishi, ambaye alikuwa amekuja na ugomvi tayari mdomoni, alimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

"Wakwe wanaingia kesho," akasema. "Nimekuletea kalamu. Ni ya mtoto wa Truphena, inaandika vizuri."

Nalianya aliitazama ile kalamu ya shilingi moja kama mtu aliyeonyeshwa panya aliyekufa.

"Nikitia sahihi na hiyo, nitakuwa nimeghushi sahihi yangu. Itabidi nijikamate."

"Jikamate Jumapili. Harusi ni Jumamosi."

"Sheria haina Jumapili, Mama Lela."

Mishi akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Haya. Mara ya mwisho uliishika lini?"

"Kamati imelithibitisha hilo. Jumatatu, saa nne na dakika kumi. Nilikuwa nakuandikia risiti."

Ni kweli. Jumatatu hiyo Mishi alikuwa ametoka na karai lake la mahamri kama kawaida, na Bwana Nalianya, akiwa katika msako, alimkamata kwa kosa la kutoa harufu bila kibali. Karai lilipelekwa stoo ya Ofisi. Risiti akapewa.

"Ukishaandika risiti ukafanya nini?"

"Nikachunguza bidhaa."

"Ulikula."

"Nilichunguza kwa njia ya kuonja."

"Mangapi?"

"Matatu. Uchunguzi unahitaji uthibitisho."

"Ulikula kwa mkono gani?"

Bwana Nalianya aliudhika kweli. "Mama Lela, mimi nimelelewa. Mama yangu kule Bungoma alimchapa mwiko yeyote aliyegusa chakula kwa mkono wa kushoto. Nilikula kwa mkono wa kulia."

"Na huo wa kushoto?"

"Ulishika kitabu cha risiti."

"Unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia, bila sha—"

Mkono wa kulia ulipanda hewani wenyewe, ukiwa umeshika kalamu isiyokuwepo, ukaiweka taratibu juu ya kitu kipana cha duara kilichofunikwa kitambaa, kisha ukainua kona ya kitambaa na kuchukua hamri. Aliutazama mkono wake kama shahidi aliyemgeuka mahakamani.

"Iko kwenye karai," akanong'ona.

"Na karai liko stoo," Mishi akasema. "Twende."

Stoo ilikuwa chumba cha bati nyuma ya ofisi, chenye kufuli la ukubwa wa ngumi. Mlinzi wake alikuwa Munyoki, askari mstaafu aliyetoka jeshini na magoti mabovu na utii usiovunjika. Bwana Nalianya ndiye aliyemchagua, kwa sababu alitaka mtu asiyefikiri. Alipata zaidi ya alichoomba.

"Fungua, Munyoki."

"Nione kijani, afande."

"Munyoki, ni mimi."

"Naona ni wewe, afande. Sioni kijani. Waraka wa stoo unasema inafunguliwa kwa karatasi yenye sahihi ya kijani."

"Kalamu ya kijani iko humo ndani!"

"Basi iko salama, afande."

Watu walianza kukusanyika. Truphena alikuja na kisu chake cha mboga. Vijana wa Bloki D wakapanda ukutani ili waone vizuri.

"Nitakufuta kazi!" akafoka Nalianya.

Munyoki alilifikiria jambo hilo kwa heshima. "Barua ya kunifuta, afande, itakuwa ya rangi gani?"

Ukuta mzima ulicheka. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mathee! Si uko na risiti? Itoe, msee aione!"

Mishi alifungua fundo la leso yake. Risiti ilikuwa imekunjwa mara nne, na juu yake sahihi ya Bwana Nalianya ilijiviringa, kijani kibichi. Munyoki aliinua karatasi dhidi ya jua, akaisoma kwa sauti ya gwaride. Bwana Nalianya alipenda kuandika kwa ukamilifu.

"Karai moja la bati, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake bila kubakisha, ambavyo ni mali ya Mishi Faki wa Bloki C, na ambavyo vitarudishwa kwake yeye mwenyewe, wala si kwa mtu mwingine yeyote, awe mkubwa au mdogo." Akashusha karatasi. "Haikutaja siku."

"Kama haikutaja siku, basi siku yoyote ni siku!" Nalianya akarukia. "Mpe! Mpe vyote kama ilivyoandikwa!"

"Kama ilivyoandikwa, afande," akasema Munyoki, na kufuli likalia.

Karai lilitoka na msafara wa sisimizi. Mahamri yalikuwa yamegeuka kokoto. Mishi aliinua kitambaa, na hapo, katikati ya makombo, kifuniko cha dhahabu kikameta. Bwana Nalianya alitoa sauti ambayo mkewe hajawahi kuisikia. Akanyoosha mkono.

Fimbo ya Munyoki ikashuka katikati.

"Vyote vilivyomo, afande. Mali ya mama huyu. Sahihi ni yako."

"Lakini kalamu ni yangu!"

"Una risiti?"

Ni vizuri ijulikane kwamba Mishi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa tayari amekwisha kuipangusa kwa leso na kuinyoosha kwa mwenyewe. Yeye hakuwa na haja na kalamu ya mtu. Haja yake ilikuwa Jumamosi. Lakini Bwana Nalianya, alipoiona inakuja, alinyoosha mgongo, akakohoa, akarudi kuwa Ofisi.

"Vizuri, Mama Lela. Umefanya kazi ya uraia. Njoo Jumatatu tuangalie hicho kibali chako."

"Jumatatu?"

"Kuna waliokutangulia."

Mkono wa Mishi ulirudi nyuma polepole, pamoja na kalamu.

"Munyoki, baba," akasema, "huo waraka wa kalamu unasema lazima sahihi iwe ya nani?"

Munyoki alijua Waraka Namba Tisa kama wengine wanavyojua sala. Akausema wote macho yakiwa angani, akairudia sehemu ya kwanza, kisha akatikisa kichwa. "Hausemi, mama. Unasema kalamu tu."

Mishi alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa kisomo cha watu wazima, ngumbaru, katika ukumbi wa mtaa, kila Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri. Alitoa kibali kifuani, akakilaza juu ya mgongo wa Munyoki, ambaye aliinama kwa nidhamu, na akaandika jina lake herufi moja moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Ilichukua muda. Alipomaliza, Truphena akapiga kigelegele kilichowatoa watu wa Huruma madirishani.

Jumamosi askari wa mtaa walifika kwenye turubai, wakaomba kibali, wakaona kijani, wakapiga saluti, wakapakuliwa pilau. Wakwe kumi na wanane walitafuta kasoro, wakakosa. Lela aliketi kivulini, na wanja wake ulikaa palepale ulipopakwa.

Kuanzia Jumatatu foleni ilihamia Bloki C. Mishi hakuiita wala hakuifukuza. Alikuwa akiandika jina lake huku mahamri yakiiva, na mazoezi yale yaliboresha sana mwandiko wake. Bomba la Bloki D, lililongoja sahihi tangu mwaka juzi, lilitengenezwa kabla ya saa sita. Faini ya harufu ilifutwa. Bwana Nalianya aliendelea kufika ofisini kila siku saa mbili kamili, akaketi, akapapasa mfuko.

Baada ya mwezi mmoja ofisi kuu mjini ilitazama takwimu ikashangaa. Majaribio ilikuwa imetoa vibali vingi kuliko mitaa sita ikiwekwa pamoja. Ilionekana dhahiri kwamba ni kazi ya afisa hodari. Ikaja barua: Bwana Phares Nalianya amepandishwa cheo, atahamia makao makuu, atapewa meza yenye droo zinazofungika. Kilichobaki ni fomu ya kuridhia, itiwe sahihi kwa kalamu ya kijani ya mtaa, kwa mujibu wa waraka wake mwenyewe.

Alisimama kwenye foleni kuanzia saa moja asubuhi, nyuma ya mama aliyetaka kibali cha kufuga kuku watatu. Alipofika mbele, aliikabidhi fomu kwa mikono miwili.

Mishi aliisoma yote, kidole kikifuata mstari.

"Hongera, Bwana Nalianya. Sasa ukiondoka, ataletwa mwingine?"

"Lazima, Mama Lela. Mtaa hauwezi kukaa bila afisa."

"Atakuja na kalamu yake?"

"Na waraka wake. Ndio utaratibu."

Mishi alimtazama Truphena. Truphena alimtazama Munyoki. Munyoki akatazama mbele, kama alivyofunzwa.

"Naelewa," akasema Mishi. Akafungua kalamu, akakung'uta tone moja, na katika nafasi iliyoachwa kwa maoni ya mtaa akaandika, kwa mwandiko ambao sasa mwalimu wa ngumbaru alikuwa akiwaonyesha wengine: *Hatuwezi kumwachilia. Hajawahi kutufaa kama anavyotufaa sasa.*

Akatia sahihi, akaipuliza ikauke, akamrudishia.

"Anayefuata," akasema.