Namba kwa Kantilal, Kiti kwa Margret

Jumapili, 1 Machi 1998
Abner wangu amepiga! Sauti ile! Harusi juzi tu, na tayari kazi imemrudisha Nakuru. Hupiga baada ya ibada, kwenye duka la Kantilal hapa Ogembo. Lakini Kantilal ana sheria: hushiki mkonga wa simu kabla hujanunua kitu. Leo kiberiti. Nina viberiti vya kuchoma Ogembo nzima. Tena nasimama, wateja wote masikio wima. Abner aliniuliza kama nampenda. Nikajibu kwamba hata sisi huku tu wazima.

Jumanne, 3 Machi
Ng'ambo ya barabara, Margret wa saluni amewekewa simu. Kiti chenye mto! Pazia! Hununui chochote. Nikaenda kumwambia Kantilal kwamba nahama. Alicheka hadi akaegemea kaunta. Hama tu, mama, akasema, lakini namba ni ya duka. Wewe utaenda, mume atabaki kwangu.
Kweli. Abner anajua namba ile moja tu. Nimepika ugali wa watu wawili tena.

Alhamisi, 5 Machi
Mpango! Nilipiga kazini kwa Abner kutoka kwa Margret, nikamwachia mlinzi wa lango namba mpya. Ya zamani asiitupe, nikasema, ikikosekana moja ajaribu nyingine. Kisha nikamsimulia Kantilal habari za mto na pazia. Jioni nikakuta stuli mbele ya kaunta, na sheria ya kununua imefutwa! Margret kusikia hivyo, akaahidi chai ya maziwa. Wananigombania!
Mama mkwe alipita kunijulia hali, akauliza kama nimeolewa na Abner au na simu. Nikacheka sana. Halafu nikavaa koti la Abner, nikakaa nalo jikoni.

Jumapili, 8 Machi
Nilikuwa kwa Margret, nyuma ya pazia, chai mkononi. Simu ikalia kwa Kantilal! Akatoka nje akipunga mikono: bibi harusi, mumeo huyu! Nikakimbia. Kiatu kikabaki kwenye matope. Kufika, imekatika. Abner akiambiwa angoje, hukata ili asimalize sarafu, kisha hujaribu namba nyingine. Ikalia kwa Margret. Rudi mbio, dada, akaita, mtu wako anakata! Nikarudi. Imekatika. Wauza ndizi wakanishangilia kama mechi. Mwishowe nikamdaka kwa Kantilal. Bosibori, akasema, sarafu zimeisha, nilitaka tu kukuambia...
Kukuambia nini?
Nilikaa kwenye stuli, mkonga bado sikioni. Kantilal akazima redio yake, akaacha wateja wangoje. Margret akaniletea kiatu.

Jumatatu, 9 Machi
Nimelia vya kutosha, sasa nimefikiri. Namba mbili ni chache! Nyamongo wa buchari ya nyama, pale kona, anawekewa simu Ijumaa na namba tayari anayo. Nimempigia mlinzi wa Nakuru. Akasema Abner ameacha ujumbe: kuanzia sasa atapiga kwa Kantilal tu, nimngoje hapo hapo. Maskini mpenzi wangu, amekata tamaa mapema. Nikamwambia mlinzi aandike ya tatu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Andika, baba!
Jumapili sitaingia duka lolote. Nitasimama katikati ya barabara, mahali simu zote tatu zinasikika. Piga popote, Abner wangu. Nitafika.