Nani Anamnyonyoa Mwali?

Jumatatu, 3 Machi

Msiba bandani. Nimeingia asubuhi na chai yangu mkononi, namkuta Mwali mgongo wazi. Hana unyoya hata mmoja kuanzia shingoni mpaka karibu na mkia. Ngozi nyekundu, imechubuka. Wenzake wananitazama kama watoto waliovunja sahani.

Huyu Mwali si kuku tu. Ni kuku wa mke wangu, kamlea kiganjani tangu kifaranga. Mama watoto alipoondoka kwenda kumsaidia binti yetu kulea mjukuu, hakuniambia nijitunze mimi. Kasema nimtunzie Mwali. Kasema anaenda wiki mbili. Wiki mbili hizo zimezaa, na watoto wao nao wameanza kuzaa.

Mshukiwa wa kwanza: paka wa Mama Cherehani. Huyu ni jirani yangu, fundi nguo, mwenye kuku wanaong'aa na mdomo unaozifikia habari kabla hazijatokea. Nimemweleza tuhuma zangu kwa heshima, juu ya uzio. Kanijibu kwamba paka wake anakula samaki, hana njaa ya manyoya, na kwamba nimwangalie vizuri yule kuku wangu mweusi.

Nimerudi bandani kupeleleza. Lo! Ni Hakimu kweli. Kuku mweusi, kichwa upande, anakutazama kwanza halafu anatoa hukumu. Kamsogelea Mwali taratibu, kang'oa unyoya, kaumeza. Kaumeza! Mbele ya mwenye nyumba!

Jioni mama watoto kapiga simu. Swali la kwanza: Mwali hajambo? Nimesema hajambo, ananenepa. Swali la pili lilihusu kufuli la mlango wa nyuma. Swali la tatu halikufika, mjukuu alianza kulia na simu ikakatwa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Pilipili. Mwizi hukomeshwa kwa kile anachokiiba.

Nimetwanga pilipili kali, nikachanganya na mafuta ya kupikia, nikampaka Mwali pembeni mwa jeraha, pale manyoya yalipobaki. Nikaketi kwenye kochi langu kusubiri Hakimu aungue mdomo.

Niandike hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia: ndiyo, kochi langu liko bandani. Nililihamisha wiki kadhaa zilizopita, pamoja na kimeza cha chai. Nikafunga na balbu kubwa ili nisome gazeti mpaka jioni. Sebuleni saa ya ukutani inagonga mno. Zamani sikuwahi kuisikia. Kuku angalau wanageuza kichwa ukiwasomea habari.

Matokeo ya pilipili: Hakimu kaonja. Kaweka kichwa upande. Kaonja tena. Kisha kawaita wenzake kwa ile sauti ya kuitana kwenye mchwa. Wamekula pilipili yote na manyoya yaliyoshika pilipili. Kumbe kuku hasikii ukali wa pilipili! Nani angejua?

Mimi ndiye niliyeusikia. Nilijifuta jicho kwa mkono ule ule. Mama Cherehani kachungulia juu ya uzio, akauliza kwa upole kama ninalia. Nimesema hapana, ni pilipili. Kasema, haya, pilipili. Kwa namna alivyosema, ningeona afadhali angecheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefikiri kisayansi. Kuku hudonoa chekundu. Basi chekundu kisionekane. Nimenunua dawa ile ya zambarau ya vidonda, nikampaka Mwali mgongo mzima. Kisha nikaona yeye peke yake ndiye wa zambarau, atabaguliwa. Nikawapaka wote. Hakimu kapigania haki zake hadi chupa ikamwagika kifuani kwangu.

Dawa haitoki. Nimetumia sabuni ya unga, ndimu, jivu. Wapi! Nimekwenda dukani kununua mkate, muuza duka kauliza kama uchaguzi umerudi na kama nimepiga kura kwa mwili mzima. Watu wamecheka. Mimi pia nimecheka, na nikazunguka pale kaunta muda mrefu kuliko mkate ulivyohitaji. Tangu asubuhi sikuwa nimezungumza na mtu mwenye miguu miwili asiye na mabawa.

Nilikuwa msoma mita za maji, jamani. Mji mzima ulinifungulia geti. Waliniita Bwana Mita. Nilikunywa maji katika kila ua na kukimbizwa na mbwa wa kila aina. Sasa nimestaafu, na mbwa wenyewe wananipita kimya.

Simu ya jioni: mjukuu ameota jino. Mama watoto anafikiri atabaki mpaka mtoto atambae. Kaniuliza naonaje. Nimesema vizuri sana, mtoto lazima atambae.

Nilipokata simu nilikaa nayo mkononi kwa muda. Sijui nilikuwa nasubiri nini.

Ijumaa, 7 Machi

Kuku wa zambarau wanadonoana vilevile. Sasa nina manyoya ya zambarau uani kote.

Mpango mwingine, na huu ni wa mtu mwenye akili: Mwali avae nguo. Kisichoonekana haking'olewi. Nimechukua shati langu la kazi, lile la kaki, nikakata kizibao. Kushona nimeshona mwenyewe. Ningeweza kumwomba Mama Cherehani, cherehani yake inasikika mpaka hapa, lakini bora nijichome sindano. Nimejichoma.

Kizibao kimetoka na mfuko na kifungo chake. Mwali alipovaa kaanza kurudi nyuma. Karudi nyuma banda zima, katumbukia kwenye beseni la maji, katoka huko bado anarudi nyuma. Utadhani amekuja kusoma mita na amesahau namba ya nyumba.

Balaa ni kwamba wenzake hawakumtambua. Wameona mgeni bandani. Hakimu peke yake nilimzoea, sasa wamemvamia wote! Nimejitosa katikati, kimeza kimepinduka, chai imemwagika, na mimi nimekaa chini na kuku mwenye sare ya serikali mapajani.

Juu ya uzio, Mama Cherehani. Na simu yake. Anapiga picha.

Saa haikupita, mke wangu kapiga. Hakusalimia. Kauliza nimemfanya nini kuku wake. Kauliza kwa nini nimekuwa zambarau. Kasema mengine mengi, sikuyashika, kwa sababu mwishoni kasema anakuja Jumapili kumwona Mwali kwa macho yake.

Anakuja Jumapili!

Nimemkumbatia Mwali. Nimemkumbatia hata Hakimu, akanidonoa sikio.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefagia nyumba. Nimefua mashuka, nikaanika, nikaanua kabla hayajakauka, nikaanika tena. Nimeondoa utando wa buibui juu ya kabati, buibui alikuwa na familia kubwa kuliko yangu.

Mchana hodi getini. Nimekimbia. Daktari wa mifugo, dada mmoja kijana na buti za mpira. Kasema ametumwa na Mama Cherehani. Huyo ndiye jirani! Nimemkaribisha kwa shingo upande.

Kaingia bandani, kasimama, kaangalia kochi. Kauliza la nani. Nimesema la wageni. Kaangalia miwani yangu juu ya mkono wa kochi, na gazeti, na kandambili. Katabasamu tu.

Kisha kaeleza. Banda ni dogo, na nusu yake imeliwa na kochi, kuku wamebanana. Balbu ni kali mno na inawaka mpaka jioni, hawapumziki, hasira zinapanda. Wanakula makombo ya mkate, miili yao inadai kitu kizito zaidi, ndiyo maana wanameza manyoya. Na kubwa kuliko yote, hawana kazi. Kuku asiye na la kufanya humgeukia aliye karibu naye. Niwatundikie kabichi waidonoe, niwape dagaa, nimtenge Hakimu kwa muda, nitoe balbu. Na kochi.

Nimemshukuru kwa sauti baridi. Alipofika getini kageuka, kauliza kama ninaishi peke yangu. Nimesema la, mke wangu anakuja kesho.

Nimetoa kochi. Si kwa sababu ya daktari. Mama watoto angeliona angeuliza maswali.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka mapema, nimenyoa, nimepika chakula cha watu wawili. Nimetundika kabichi bandani kwa kamba. Ajabu! Kuku wote wameizunguka, wanaruka, wanadonoa, hakuna anayemgusa mwenzake. Hakimu yuko kwenye tenga lake anatafakari dhambi. Mwali kakaa kivulini, hana kizibao, hana shida. Nimesimama pale nikajisifu. Nimemwita hata Mama Cherehani aone. Umaskini wa akili! Kwa nini nilimwita?

Kaona, kafurahi, kapiga picha, kaituma.

Mke wangu kapiga nikiwa navaa viatu kwenda kumpokea kituoni. Ameiona picha. Ameshukuru sana. Kasema kama Mwali amepata nafuu hivyo, basi hakuna haja ya safari, mtoto mwenyewe ana homa ya jino na binti yetu amechoka.

Nimesema sawa, hakuna tatizo.

Akauliza kama mimi mwenyewe sijambo, kama kuna kitu ninakikosa. Nimesema sikosi kitu. Kasema kama kingekuwepo ningemwambia, sivyo? Nimesema bila shaka. Nikasikia anapumua, na mimi nikauliza mfuniko wa sufuria kubwa uko wapi.

Uko juu ya jokofu. Umekuwa pale siku zote.

Nimekula sahani yangu. Ile nyingine nimeifunika.

Jumatatu, 10 Machi

Kuku wazima kabisa. Hawanihitaji. Nimesimama nje ya waya nikawasomea habari za michezo, hakuna aliyegeuka. Wana kabichi.

Mama Cherehani kaja mpaka mlangoni, si kwenye uzio. Nimemkaribisha chai. Kanywa nusu kikombe, halafu kasema bila kuzunguka. Mke wangu hajakaa kule kwa ajili ya mtoto. Mtoto ana bibi wa upande wa pili, tena jirani kabisa. Siku ile anaondoka, mimi niliyekuwa nimeshika begi lake nilisema aende tu, mimi na kuku tutajimudu. Neno hilo lilimchoma. Amemwambia Mama Cherehani kwamba siku nitakayosema arudi, atapanda gari siku hiyo hiyo. Lakini aseme mwenyewe, baba watoto, kwa mdomo wake, si kwa mgongo wa kuku.

Nimesema mwanamume wa umri wangu habembelezi kwenye simu. Mama Cherehani kasema, haya, basi bembeleza kabichi. Kaenda zake.

Nimeudhika sana. Kisha nimegundua kwamba kikombe chake nimekiacha mezani mpaka jioni, sitaki kukiosha.

Ninamkumbuka mke wangu. Nimeandika. Haikuwa ngumu hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Leo ndiyo leo. Nimefanya mazoezi mbele ya banda. Nimesema: mama watoto, nyumba imekuwa kubwa, rudi. Nimesema vizuri, sauti haikutetemeka. Mwali kanisikiliza mpaka mwisho. Manyoya madogo yameanza kumchipuka mgongoni.

Nimevaa shati safi. Nimepiga. Kapokea mara moja, kana kwamba simu ilikuwa mkononi mwake. Kasema, enhe, baba watoto. Taratibu, kwa sauti ya zamani.

Nimefungua mdomo. Nimesema Hakimu anakohoa.

Kauliza kama ni hilo tu. Nimesema anakohoa sana, hasa asubuhi, huenda akawaambukiza wengine, hali si nzuri, mtu mmoja haiwezi. Nilikuwa namwachia mlango wazi kabisa! Aseme tu anakuja!

Kavuta pumzi. Kasema ameelewa. Kama kuku wamekuwa mzigo kiasi hicho, basi niwahamishie wote kwa Mama Cherehani, nipumzike.

Nimesema ni wazo zuri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewavusha uzio mmoja mmoja. Mama Cherehani kawapokea bila kunitazama usoni. Kamshika Hakimu, kaweka sikio kifuani pake, kasema mbona hakohoi. Nimesema amepona ghafla.

Mwali kaingia banda jipya, kaanza kula. Hakugeuka. Sikutarajia ageuke, ni kuku.

Banda langu limebaki na waya tu na kamba ya kabichi. Ua mzima kimya. Nimepitia simu mara kadhaa kuangalia kama ina chaji.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka na nguvu mpya! Usiku wa kiza hauna budi kucha. Nimepitia mambo yote kwa utulivu na nimeliona kosa langu.

Kosa lilikuwa kuku. Kuku ana tatizo dogo, anatibika, na anahamishika. Nilichagua mnyama asiyefaa.

Asubuhi nimekwenda sokoni, nimeagiza bata. Wanaletwa Jumatatu. Bata hawezi kuvushwa uzio kwa Mama Cherehani, kwa sababu bata anataka bwawa, na Mama Cherehani hana bwawa. Mimi pia sina. Kwa hiyo kesho naanza kuchimba, peke yangu, kwa jembe la mpini mfupi.

Mtu wa umri wangu akichimba bwawa peke yake, kiuno lazima kiteguke. Na kiuno kikiteguka, mke hata awe wapi, ataitwa. Si mimi nitakayempigia. Mama Cherehani atampigia.

Nimekwenda uzioni kuhakikisha simu yake ina salio.