Ombi la Kufuta Mipangilio Kabla Haijanihamishia Mtoto

Binti yangu ndiye aliyetengeneza tovuti ya lile duka kubwa la magodoro, ile yenye godoro linalozunguka, peke yake, kwa mikono yake, akiwa mezani kwangu. Nimeanza na hilo kwa sababu nisingefika kwenye salamu nikiwa nalo kifuani.

Ndugu Mkurugenzi wa Programu ya Kutengenezea Tovuti,

Hujambo wewe na wafanyakazi wako? Sisi wazima. Mimi ni mama wa huyo binti, fundi cherehani, nimeishia darasa la saba lakini nililimaliza vizuri. Nakuomba kwa heshima uufute ule ukurasa wa programu yako unaoitwa Mipangilio, na vyote vilivyomo, kabla haujanitolea mtoto nyumbani. Sababu zangu ni hizi.

1. Programu yenu ilikuja nyeupe, safi kama shuka jipya. Binti akaingia kwenye Mipangilio akaifanya nyeusi, eti macho yapumzike. Mdogo wangu nilimwita aje ashangae kazi ya mtoto wa dada yake. Akalitazama lile giza, akanipa pole, akidhani mashine imeungua. Nilitaka sifa, nikaambulia rambirambi.

2. Visanduku vya zana mlivipanga pembeni mwa skrini, kila kimoja kinaonekana, kama kabati la mtu mwenye adabu zake. Yeye kavificha vyote. Akitaka rangi anabonyeza vitufe viwili, rangi inatokea, akimaliza, inatoweka. Nikamwuliza anamficha nani kwenye nyumba isiyo na wezi. Akasema hafichi, ndivyo alivyozoea. Azoee lini, na mimi ndiye niliyemzoesha kila kitu?

3. Kitufe nilichoonyeshwa kuwa ni cha kuhifadhi kazi, yeye kakipangia kazi nyingine. Siku mwenye duka alipokuja kuangalia, binti alikuwa ametoka kidogo. Nikasogea nihifadhi tu, Mungu shahidi, na godoro likaanza kuzunguka. Mwenye duka alisema liachwe hivyo hivyo. Lakini hoja yangu iko palepale.

4. Kitufe cha Rudisha Kama Mwanzo. Hiki ndicho kilichotufikisha hapa. Mimi nikifagia chumba asubuhi, narudisha kila kitu mahali pake. Sasa nikikutana na kitufe kinachoahidi kazi hiyohiyo bila ufagio, mwanamke aliyelelewa afanye nini? Nikabonyeza. Kikaniuliza kama nina uhakika, na mimi uhakika sijawahi kuukosa. Weusi ukaondoka, zana zikarudi pembeni, skrini ikang'aa mpaka nikaita majirani. Binti aliporudi hakufoka. Alifungua, akafunga, akafungua tena. Akauliza kama chai ipo. Alikunywa nusu kikombe, ndipo akasema, taratibu kabisa, kwamba amepata chumba cha kufanyia kazi nyuma ya posta, na huenda akawa analala hukohuko.

Ndugu Mkurugenzi, angefoka ningejua la kumjibu.

5. Kesho yake akanifungulia akaunti yangu kwenye mashine ileile, akaiandika Mgeni. Mgeni anaruhusiwa kutazama, haruhusiwi kugusa. Meza yangu, umeme wangu, hata mtoto ni wangu, na humo ndani mimi mgeni.

Basi nakuuliza, tangu lini chombo kikamwuliza mtu anapenda kiweje? Sufuria haimwulizi mpishi. Kitanda hakina mipangilio, na watu wanalala. Mtu akipewa kitu akipokee kilivyo, kama mimi nilivyompokea yeye, bila nesi kuniuliza kama nataka mwenye sauti ndogo.

Futa ukurasa huo. Ikishindikana, juu ya cheo cha Msimamizi weka cheo cha Mama, ambaye bila kidole chake hakuna rangi itakayobadilika. Na wataalamu wako wakipata nafasi, watutengenezee ukurasa kama huo kwa ajili ya watoto wenyewe: saa ya kurudi nyumbani, sauti ya kujibia wakubwa, na umbali wa mwisho wa kuhama, ambao mimi ningeuweka kwenye chumba cha pili. Vyote vifungwe kwa neno la siri nitakalolijua mimi. Akina mama wengi watawashukuru.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa aliyechagua ule weupe wa kwanza, na mama yako kama yuko karibu nawe. Kama yuko mbali, mpigie leo.

Ni mimi, mwenye kusubiri jibu,
Mama wa Fundi wa Tovuti ya Magodoro

Tanbihi: Nilikuwa bado sijafunga bahasha. Jana binti aliingia kufungasha nguo zake, akanikuta nahangaika na mashine. Akavuta kiti, akaifungua ile Mipangilio, akaniuliza natumia mkono gani. Mimi ni wa kushoto. Nimekata nguo maisha yangu yote kwa mikasi ya watu wa kulia, sugu ya kidole hii hapa, na hakuna chombo wala mtu aliyewahi kuniuliza. Tukazihamishia zana zote kushoto. Tukakuza herufi mpaka nikavua miwani. Rangi nimechagua zambarau. Baadaye mdogo wangu akaingia akataka kuirudisha nyeupe, kwa hiyo nimeweka neno la siri na simwambii mtu. Usifute chochote, isipokuwa kile kitufe cha namba nne, maana ni hatari kikiangukia kwa mtu asiyeelewa.

Chumba cha nyuma ya posta nimeshakiona. Kina dirisha zuri. Mapazia nimeshona mimi, kwa rangi aliyoitaka yeye. Njoo na wafanyakazi wako, njoo na mama yako, viti tutaazima. Anahamia Jumamosi hii, saa tisa alasiri.