Bwana Maji Moto na Kochi la Zahanati

Jumatatu, 3 Machi

Wamefika! Binti yangu na tumbo lake. Nimemkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Nyuma yake kasimama mzee mwembamba, kakumbatia chupa ya chai utadhani kabeba kitoto kichanga. Baba wa mume wake. Huyo hakuwemo kwenye mpango.

Najiuliza. Mume kabaki kwao kazini, sawa. Lakini baba mtu afunge safari yote hiyo kumsindikiza mkwewe kwa wazazi wake, kisa nini? Jibu ninalo. Kaja kuhakikisha anarudi naye. Mjukuu wangu wa kwanza azaliwe kwao, akue kwao, mimi niwe namwona kwenye simu. Thubutu!

Tumemkaribisha chai. Kakataa! Kaomba maji ya moto, kwa Kiswahili cha kuokoteza alichofundishwa na binti yangu. Maji matupu. Kayanywa taratibu huku ananitazama nikikoroga kikombe changu. Nilikuwa nakoroga hewa. Tangu daktari wa zahanati aseme sukari yangu imepanda, mke wangu kaigawa yote kwa majirani, nyumba haina hata punje.

Ndivyo anavyojua yeye. Fundi makochi hakosi pa kuficha kitu. Mfuko mzima wa sukari umo ndani ya mkono wa kochi refu la zahanati, katikati ya sponji na ubao. Kazi ya kulishona niliimaliza zamani, ila daktari mzito wa kulichukua. Naingia karakana, nafumua kidogo, nachota, nashona. Yaani daktari ananitunzia sukari yangu na hana habari! Akili kama hii haifundishwi chuoni.

Jumanne, 4 Machi

Machale yananicheza. Huyu Bwana Maji Moto (mbele za watu tunaitana mkwe, humu ndani ya shajara jina lake ndilo hilo) akimaliza kula tu, anasimama na kuanza kuzunguka uwanja. Polepole, mikono mgongoni. Kwetu sisi mtu akishiba anajinyoosha, anapiga usingizi kama muungwana. Huyu anazunguka! Nimemwambia mke wangu kwamba anapima kiwanja. Kanijibu kwamba anateremsha chakula, na mimi ningemfuata ningepata kiuno cha kufungia mkanda.

Tena soksi. Jua kali, sisi sote ndala, yeye soksi nene nyeusi mpaka ndani ya nyumba. Hazivui. Mtu asiyevua soksi ana anachokificha.

Tena minong'ono. Nimewakuta yeye na binti yangu barazani, vichwa vimekaribiana. Nilipotokea wakanyamaza. Binti kaniuliza kama nimelala vizuri. Saa kumi jioni!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfuma. Udhaifu wake ni sahani.

Kila mtu mwenye adabu anajua kwamba mgeni akishiba hubakisha kidogo. Sahani ikibaki tupu, maana yake njaa bado, na mwenye nyumba mstaarabu humwongeza. Sasa huyu ndugu anafuta sahani mpaka inang'aa! Mke wangu anamwongezea wali, anaumaliza. Anamwongezea maharage, anayamaliza. Anainamisha kichwa, anashukuru, jasho linamtoka. Kisha anatuhubiria maji moto! Mlafi wa kutupwa kajivika ngozi ya mtawa.

Binti angekuwa mezani ningemwonyesha kwa kidole. Ila harufu ya vitunguu inamchefua siku hizi, anakula mkate wake mkavu chumbani.

Kwa hiyo mpango ni huu. Jumamosi nafanya karamu isiyo na kitunguu, binti akae mezani. Nitamjaza mpaka aombe kochi la karakana liwe kitanda chake. Binti atashuhudia kwamba ulaji wa kwao ni maigizo matupu, na mwanamume wa afya ni baba yake, anayekula usiku, anayelala ameshiba, na bado anabeba kochi peke yake. Ataona. Atajifungulia hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Maji Moto kaja karakana kunitazama nikifanya kazi. Kakaa karibu sana na kochi la zahanati. Kavuta pumzi. Kanusa? Nimemhamishia kwenye kigoda.

Jambo moja limemtisha, nimefurahi. Kaniuliza kwa nini natembea na msumari kwenye unyayo. Nikatazama. Kweli! Msumari wa kochi umepenya ndala na kuzama kisiginoni, damu imeganda, pengine tangu asubuhi. Nikauchomoa mbele yake bila kukunja uso. Nikamweleza kwamba hivi ndivyo tulivyo sisi, mguu wangu ni chuma, mwaka mzima huu hausikii maumivu yoyote, na kidole kidogo kina kidonda cha tangu masika yaliyopita nacho sikijali. Kabadilika rangi. Kaondoka moja kwa moja kwenda kwa binti yangu, minong'ono ikaanza tena.

Kaogopa. Kajua anapambana na nani.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimelala. Sikuweza jana.

Karamu ilianza vizuri. Nyama, wali, viazi, maharage, mkate. Sahani yake ikiisha, namjazia mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini mwenyeji hawezi kumwachia mgeni ale peke yake, na kila alipomaliza ilinibidi nimalize na mimi, asije akasema nimeshindwa. Sahani kwa sahani! Ananitazama, namtazama. Machozi yalimlengalenga. Na mimi pia, ila nilijikaza kisabuni. Vijiko tu viligonga sahani. Mwishowe kashika tumbo, kaomba ruhusa, katoka akiyumba. Ushindi! Nikasimama nishangilie. Nikaanguka juu ya bakuli la maharage.

Leo mchana, nikiwa bado naugulia tumbo, mke wangu kaja na habari njema. Gari la zahanati limekuja asubuhi, tena wanafanya kazi hata Jumapili, na yeye kawasaidia kulipakia kochi.

Kochi gani?

Lile refu.

Nimegeukia ukutani.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango ulikuwa safi. Nijitie mgonjwa, nipelekwe zahanati, nikae kwenye kochi langu kule chumba cha kusubiria, nifumue kwa wembe wakati watu wamegeuka. Kujitia mgonjwa hakukuwa na taabu. Kilichoharibu ni kwamba Maji Moto naye alikuwa hoi, kwa hiyo tulipelekwa wote, na binti na mke wakafuata. Kochi lilitutosha sote. Nimelishona vizuri sana, niseme ukweli.

Nikakaa upande wa mkono wenye sukari. Maji Moto akang'ang'ania akae huko yeye, ati karibu na dirisha. Tukasukumana kidogo kwa heshima. Akashinda. Niliona hila tupu.

Baada ya muda akaanza kujikuna. Shingo. Kwapa. Akasimama ghafla akijipiga makofi mwili mzima na kupayuka kwa lugha ya kwao. Siafu? Hapana, sisimizi, jeshi zima, wanatoka kwenye mshono wa mkono wa kochi na kumpanda mzee wa watu. Wakaingia mpaka kwenye soksi. Akazivua.

Mguu wa kushoto hauna vidole viwili.

Daktari akaja na mkasi, akafungua mshono, akatumbukiza mkono, akatoa mfuko wangu. Hakuuliza ni wa nani. Alinitazama mimi tu.

Ndipo binti yangu akalia. Akalia vibaya, kashika tumbo, nami nikataka ardhi inimeze. Alisema mkwe wake hakuja kumrudisha kokote. Yeye ndiye aliyemwomba aje, akamsihi, kwa kuwa mimi simsikii mama wala daktari, labda ningemsikia mwanamume wa umri wangu. Alisema hataki mwanawe aje kumjua babu yake kwa picha ya ukutani.

Maji Moto naye akaeleza, kidogo kidogo, binti akimsaidia maneno. Kwao wazee wa zamani walikunywa maji moto na kutembea baada ya kula, naye aliwacheka. Yeye alikunywa vitu vitamu mchana kutwa, alikula usiku wa manane, akajiona mwamba. Mguu ukaacha kusikia maumivu, akajivunia, mpaka vidole viwili vikakatwa. Alipoona msumari kisiginoni kwangu, aliona mguu wake mwenyewe. Na ile minong'ono barazani walikuwa wanatafuta pa kuanzia.

Mke wangu akauliza, basi mbona anakula vile? Masikini! Kumbe kwao kubakisha chakula ni kumtukana mpishi. Kila tulipomjazia, alidhani ni amri, akaimeza kwa heshima yetu. Mke wangu alijifunika uso kwa kanga.

Daktari kanipima. Sitaandika alichosema. Kidole kidogo kinaweza kupona nikikaa vizuri kuanzia leo. Nisipokaa, basi. Nimelia mbele za watu, bila aibu. Nimemshika Maji Moto mikono yote miwili, nimeapa. Chembe ya sukari haitaingia tena kinywani mwangu. Naye kanimiminia maji moto kwenye kifuniko cha chupa yake, tukanywa pamoja. Mabaya sana. Nimeyamaliza.

Jumamosi, 22 Machi

Siku nzuri kuliko zote! Maji Moto kaondoka alfajiri. Nimemsindikiza mpaka stendi kwa miguu, polepole, mikono mgongoni, sote wawili. Kaniachia chupa yake. Mtu mwema yule. Niliwahi kumshuku? Kidogo tu.

Binti anabaki. Atajifungulia hapa hapa nyumbani! Kasema ni kwa sababu baba yake kabadilika, kidonda kinaanza kufunga, na mama mtu anathibitisha. Mjukuu wangu nitampakata mwenyewe. Nimezunguka uwanja mzima kwa furaha, hata sikuwa nimekula.

Kaniomba nimshonee mtoto kigodoro. Nimeshinda karakana tangu asubuhi. Sponji laini kuliko yote niliyonayo, kitambaa cha pamba, mshono wa siri usioonekana hata ukilala juu yake. Nimemwaga na chozi moja.

Halafu nikafikiri. Kochi la zahanati lilikuwa kosa, nakiri. Mali ya watu wengine, wanakuja kulichukua wakati wowote. Lakini kigodoro cha mtoto kinatoka humu ndani kwenda wapi? Na nani katika dunia hii, mwenye moyo wa kibinadamu, atakayefumua kigodoro cha mtoto mchanga?

Ni mfuko mdogo tu. Wa dharura. Upande wa miguuni.

Tena mtu asiseme sijifunzi. Safari hii nimeufunga kwa nailoni mbili.