Kapu Lisilopandishwa Mzani

Jumamosi, 3 Agosti 1996. Migori.

Siku kubwa. Abdisalam, mwenye duka la spea hapa mjini, anafungua duka la pili Homa Bay na anatafuta mtu wa kulisimamia. Ametuita wawili, mimi na Mniko. Akasema muuza spea asiyejua ni kitu gani huharibika mbali na nyumbani ni sawa na muuza mawe. Kwa hiyo kila mmoja wetu atapanda pikipiki yake mpaka Lodwar, amsalimie Faruk, ndugu yake mwenye duka huko, kisha arudi. Spea tujichagulie wenyewe. Uzito usizidi kilo kumi na tano. Atakayechagua vizuri ndiye atakayepewa duka.

Duka ni langu. Nimeshauona mpaka msumari wa kutundika koti langu. Na mke wangu Truphena ataacha kukaa juani akiuza karai la omena, dagaa wa ziwani. Nimekuwa nikimwahidi hivyo tangu nimuoe, na kila nikimkuta pale barabarani naona aibu, nazunguka kwa nyuma.

Mniko ni Mkuria wa Isebania, mtu wa maneno machache. Huyo simhesabu kama mpinzani. Ni msindikizaji tu.

Jumapili, 4 Agosti.

Sikwenda kanisani. Nimepanga spea zangu juu ya kitanda nizione vizuri. Pistoni na ringi zake. Cheni. Sproketi mbili. Kabureta nzima. Tyubu za kutosha kijiji. Breki shuu. Kebo za kila aina. Honi, vioo, balbu, spoku. Truphena akauliza yeye atalala wapi. Nikamweleza kwamba wake wa watu wakubwa huvumilia. Akasema basi chai nipikiwe na hiyo pistoni. Nimekunywa maji.

Jioni nilimpitia Mniko kumpeleleza. Kwenye mkeka wake kulikuwa na plagi, waya, plaisi, pampu, tyubu moja, gundi na viraka vya puncha. Basi. Nikamwuliza mengine yako wapi. Akasema, "Mengine nitafikiria nikifika huko." Nimecheka mpaka getini. Eti viraka! Viraka ni vya mtu asiye na tyubu mpya.

Jumatatu, 5 Agosti.

Aibu. Gunia langu limepimwa dukani mbele ya wateja, na Abdisalam akasoma mzani kwa sauti ya mtu anayenadi mali. Zaidi ya mara mbili ya kiwango. Akasema pikipiki yangu haitafika Lodwar, itazalia Rongo. Wateja walicheka sana, hata wasioelewa Kiswahili.

Nimerudi nyumbani na hasira, nikakaa, macho yakaangukia kapu kubwa la Truphena. Wazo likaja lenyewe. Kendu Bay ni njiani, na Kendu Bay ndiko kwao Truphena. Mjaluo gani apite kwa wakwe mkono mtupu? Na nani mwenye adabu zake atafungua kapu la mama mkwe, sembuse kulipandisha mzani? Nimeweka vitu vizito vyote chini: pistoni, cheni, sproketi, kabureta, kebo, spana, tyubu zote. Juu nikaweka sukari, unga, majani chai, mikate miwili, halafu kitambaa safi. Kwenye gunia nimebakiza vile vyepesi.

Mzani umekubali. Abdisalam akanyoosha mkono kwenye kapu, akauliza hili ni la nini. Nikajibu ni la mama mkwe. Mkono ukarudi haraka. Akasema kumheshimu mzazi wa mke ni baraka katika safari, akaniongezea pakiti ya tende juu yake. Mniko alinisaidia kulinyanyua. Akauliza taratibu mama mkwe hula nini.

Jumanne, 6 Agosti.

Truphena ameliona kapu. Amelia. Tangu tuoane sijampelekea mama yake hata chumvi. Si kosa langu, mambo yamekuwa magumu. Amesema sasa ataweza kusimama mbele ya dada zake bila kuinamisha kichwa, akanichinjia jogoo. Nimekula. Moyo uliniuma kidogo nilipofika kwenye paja, lakini ulipoa.

Kwa kweli sina nia ya kusimama Kendu Bay. Boma la wakwe liko kando ya barabara, ndiyo, lakini mtu aendaye kasi haonekani. Zawadi nitawapelekea siku nyingine nikiwa msimamizi wa duka. Zitakuwa kubwa zaidi.

Jumatano, 7 Agosti. Kendu Bay.

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka salama. Pale Rodi Kopany nilisimama kunywa chai ili watu waitazame pikipiki, Mniko akanipita. Mwache apite. Homa Bay nikaliona duka lenyewe, mlango wa buluu, unatazama sokoni. Nililipigia honi.

Karibu na Kendu Bay gurudumu la nyuma likaisha pumzi. Nikataka kushuka, nitoe tyubu mpya kwenye kapu nibadilishe kwa raha zangu. Ndipo nikaona umati mbele. Wanawake, khanga, vigelegele. Truphena alikuwa ametuma habari na kondakta wa gari la Kendu: mkwe anakuja na kapu. Walikuwa wamesimama hapo tangu asubuhi.

Mkwe hafiki akisukuma pikipiki. Nikaendelea hivyo hivyo juu ya rimu, kifua mbele, nikipunga mkono. Nadhani nilipendeza.

Wanawake wanne walilishusha kapu. Mmoja alisema hajawahi kuona sukari nzito namna hii. Wakalipeleka moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe, mahali ambapo mimi siwezi kuingia hata kwa macho. Nikaketishwa, nikaletewa samaki, kuku na ugali, na mzee akashukuru kwa hotuba ndefu. Kila nilipojaribu kuinuka niliongezewa mchuzi. Na kwa kuwa mkwe halali kwa wakwe, nimepelekwa kulala kwa mwenye mashine ya kusaga, hapo jirani. Naandika nikiwa mweupe kwa unga.

Alhamisi, 8 Agosti.

Fundi wa baiskeli ameitazama tyubu yangu. Valvu imeng'oka na mpira umechanika kuzunguka rimu. Akasema hii si ya kuziba, ni ya kuzika. Akauliza nimeitembelea hivi kwa umbali gani. Nikamwambia afanye kazi yake. Tyubu ya pikipiki hana, na madukani hakuna, labda Kisumu. Kwenye gunia langu kuna honi, vioo na balbu.

Nikamtafuta shemeji yangu Elijah, kaka yake Truphena, nikamwuliza kwa mbali kama mama aliipenda sukari. Akanishika mkono kwa nguvu. Akasema mama hakulala kwa furaha. Wakwe wengine huleta mikate tu, lakini mimi nimeleta chuma, kama wazee wa zamani walioposa kwa majembe. Boma zima linasema mimi, Dishon, ni mtu wa mila. Pistoni imewekwa kabatini, kati ya glasi za wageni. Cheni imemfunga fahali.

Nikamwuliza Elijah, mfano tu, je, mtu akiazima kidogo kitu kimoja alichompelekea maro wake? Elijah akaniachia mkono. Maro, yaani mama mkwe, akirudisha zawadi anarudisha ndoa, akasema. Siku hiyohiyo watu wa kwetu wataitwa kuongea habari za ng'ombe wa mahari na Truphena atarudi kwao. Akaniuliza kwani kuna shida nyumbani. Nikasema hakuna, nilikuwa nafikiria tu habari ya rafiki.

Ningeweza kusema ukweli. Nilifikiria. Lakini ukweli ni kwamba sikumletea kitu, na Truphena ameshasimama mbele ya dada zake.

Jumamosi, 10 Agosti.

Siku ya soko. Mama mkwe ametandika gunia kando ya wauza viazi na kupanga juu yake spea zangu zote, isipokuwa pistoni, ambayo amesema ni ya kumbukumbu, na cheni, kwa sababu fahali ni mkali. Amesema chuma kikikaa ndani hakizai.

Majina ya vitu hajui. Sproketi anaiita sahani ya meno. Lakini kila mteja anamwuliza: pikipiki yako inalia wapi? Imeanza lini? Ulikuwa umebeba nani? Mpaka mtu mwenyewe anakumbuka anachohitaji na kukiinua. Amekuja daktari wa mifugo. Amekuja katekista. Amekuja mtu wa boti kuchukua kebo. Nimetazama nikiwa nyuma ya mti, kwa sababu si vizuri mkwe kumkodolea macho maro sokoni.

Nikamtuma Elijah aninunulie tyubu. Mama akauliza ni ya nani. Elijah, ambaye hajui kudanganya, akasema ni ya mkwe. Mama akacheka sana. Akasema hawezi kumwuzia mkwe wake mwenyewe, watu watamwona mchoyo. Wala hawezi kunirudishia bure, hilo nalijua. Kwa hiyo tyubu zipo mbele yangu, nyeusi, zinang'aa, na mimi peke yangu katika Kendu Bay yote siwezi kupata hata moja.

Jumatatu, 12 Agosti.

Nilikuwa nimekaa kando ya barabara niliposikia pikipiki ikitoka upande wa Kisumu. Mniko, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Amefika Lodwar na amerudi. Faruk anatusalimu sote. Nikamwambia mimi nimeamua kuchunguza soko la hapa kwa undani zaidi.

Akatazama gurudumu langu. Akaenda kwa mama mkwe, akarudi na tyubu, akanifungia yeye mwenyewe, kwa sababu spana nazo zilikuwa kwenye kapu. Ameona kwamba kunishinda peke yake hawezi, anataka urafiki. Nimemruhusu.

Jumatano, 14 Agosti. Migori.

Abdisalam ametuketisha. Akamwuliza Mniko ni nini kiliharibika. Mniko akasema plagi moja, na puncha tatu, mbili alizitia viraka na ya tatu akatoa tyubu yake. Halafu akaongeza kwamba Kendu Bay kuna mama mmoja anauza spea kando ya viazi, na kabla hajampa tyubu alimhoji kuliko polisi wa barabarani. Abdisalam akaweka kikombe chini. Akauliza mama huyo ni nani. Wote wawili wakanigeukia.

Nilimweleza kwamba ni mama mkwe. Akauliza spea alizipata wapi. Nikazungumzia mila zetu. Macho yake yakaenda kwenye mzani, kisha kwangu, kisha kwenye mzani tena. Akauliza zile kilo kumi na tano nilizopimiwa zilinisaidia vipi. Nikamwambia ukweli, kwamba honi imefanya kazi vizuri sana.

Jumapili, 18 Agosti. Homa Bay.

Imekwisha. Ijumaa Abdisalam alikwenda Kendu Bay mwenyewe baada ya swala. Alikuta gunia la mama mkwe limebaki tupu na watu wamesimama wakisubiri mzigo mwingine. Jana mlango wa buluu ulifunguliwa. Mniko aliulizwa, akasema kukaa kwenye kiti kunamchosha, apewe kazi ya kusambaza spea masokoni kwa pikipiki. Amepewa. Kwenye kiti, msumari ukiwa nyuma yake, ameketi mama mkwe.

Mimi nimepewa kufunga mizigo. Ila siwezi kuingia alimo maro wangu, kwa hiyo nafungia barazani, na kila kitu napokezwa na Elijah dirishani. Maro akitoka nje nasimama na kuvua kofia. Leo ametoka sana.

Truphena amekuja kumsaidia mama yake. Karai la omena amempa jirani. Nimemwona kupitia dirisha, kivulini, amevaa lile gauni la kanisani, anacheka na wateja. Nimefurahi mpaka nikalazimika kupangusa uso kwa kitambaa chenye grisi. Nilimwahidi ataondoka juani na ameondoka. Mwanamume ni ahadi.

Sasa sikiliza. Abdisalam anataka mtu wa kupeleka spea mpaka Moyale mwezi ujao. Anayefika atapewa duka la tatu. Kiwango safari hii ni kilo kumi tu, na makapu yote ya wakwe yatapimwa, ameniambia hivyo akinitazama machoni. Maskini, hajui kwamba mtu hujifunza. Kosa langu lilikuwa kuchagua wakwe. Kuna matanga Katito, njiani kabisa, kwa watu nisiohusiana nao hata kidogo, na hakuna askari wala mwenye duka atakayegusa gunia la mtu anayekwenda matangani. Tyubu chini, kabureta katikati, mchele juu. Na ili nisisumbuliwe njiani, nimeshatuma habari kwa wafiwa kwamba Dishon anakuja na gunia zima la mchele.